Pawasaplai ya wati 750 haivuti wati 750 muda wote

Wengi wanaojiundia kompyuta ya mezani kwa fedha za kuungaunga huamini kuwa pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vya kompyuta, ya wati 750 itamaliza yuniti za mita haraka kuliko ya wati 450. Imani hii inaeleweka, kwa kuwa pasi ya wati 1,000 inapopata moto huvuta kweli wati 1,000.

Kwa pawasaplai, hata hivyo, namba hiyo ni ukomo wa kile inachoweza kutoa. Kinachovutwa ukutani hutegemea mahitaji ya prosesa, kadi ya michoro na vipuri vingine kwa wakati huo, pamoja na kiasi kinachopotea kama joto: vipuri vikihitaji wati 200 na ufanisi ukiwa asilimia 85, soketi itatoa takriban wati 235, iwe pawasaplai ni ya 450 au ya 750. Anayetaka kuhakikisha achomeke kipima wati kati ya plagi na soketi, au azime vifaa vingine vyote kisha asome mita kabla na baada ya saa chache za matumizi.

Kinachostahili kutiliwa shaka zaidi, kwa maoni yangu, ni lebo yenyewe. Itazame ubavuni, tafuta safu ya volti 12, kisha uzidishe kwa ampea zilizoandikwa hapo: ampea 18 ni wati 216 tu, hata kama juu yake pamechapwa 500 kwa tarakimu nene, ilhali prosesa na kadi ya michoro huvuta sehemu kubwa ya umeme wao kwenye njia hiyo.