Je, wajua? Ada ya kumwona daktari si mshahara wa daktari

Hesabu inayopigwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje ni nyepesi. Tuseme ada ya kumwona daktari ni shilingi 5,000. Daktari mmoja anaona wagonjwa 40 kwa siku. Hiyo ni 200,000. Zidisha kwa siku 22 za kazi, unapata 4,400,000 kwa mwezi. Basi yule aliye nyuma ya mlango anapata zaidi ya milioni nne kwa kuuliza na kuandika tu, na bado ana mshahara wake wa serikali! Kuzidisha kumekwenda sawa. Kilichokosewa ni neno moja: "anapata".

Katika hospitali ya serikali, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Makandana kule Tukuyu, daktari halipwi kwa kichwa cha mgonjwa. Akiona watu 40 au wanne, hati yake ya mshahara mwisho wa mwezi inasoma vilevile. Mvua ikinyesha mfululizo, barabara za milimani zikafungwa na benchi likabaki tupu wiki nzima, mshahara hautapungua. Mlipuko wa kuhara ukijaza benchi hadi nje, hautaongezeka.

Dhana hii ina mizizi kwa sababu kila huduma nyingine tunayonunua barabarani inafuata kanuni tofauti. Dereva wa bajaji pale Mwanjelwa anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na kinachozidi ni chake. Kinyozi na fundi cherehani hula kutokana na kichwa alichonyoa na suruali aliyokata. Risiti ya hospitali nayo imeandikwa "kumwona daktari", na sikio linaisikia kama "kunyolewa": nimemlipa huyu, huyu amepokea. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni treni ya TAZARA. Unakata tiketi kituo cha Mbeya, na bila mwendesha treni hufiki popote, lakini yeye hahesabu abiria ili ajue atakula nini jioni.

Anayekubali hilo huangukia kosa la pili: kwamba kama pesa haiendi kwa daktari, basi inapelekwa moja kwa moja serikalini na kupotelea huko. Nalo si kweli. Ada hiyo ni mapato ya hospitali ile ile uliyolipia. Inaingia kwenye hesabu zake, inapangiwa matumizi kwenye bajeti yake, na mhasibu wake ndiye anayeulizwa na mkaguzi. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya matibabu ya bure, lengo lilikuwa hospitali ipate fedha za kuendeshea huduma pale alipo mgonjwa. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 hata sehemu ya fedha za serikali na wafadhili kwa vituo vya afya na zahanati ilianza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kukaa halmashauri.

Mtu wa bonde la mpunga la Usangu ataelewa mpangilio huu haraka kuliko mtu yeyote. Fikiria jaruba moja la mpunga linalopata maji kwa mifereji miwili. Mfereji wa kwanza unatoka mbali, kwenye banio kubwa la mto, na kiasi cha maji yake hupangwa huko juu. Mwenye jaruba hawezi kuuongeza wala kuupunguza. Mfereji wa pili unatoka kwenye kijito cha jirani, mwembamba, unaojaa na kukauka kufuatana na siku. Ukiangalia jaruba lenyewe unaona maji tu, hujui lipi ni la mfereji gani. Lakini kijito kikikauka, mkulima anajua mara moja ni kona ipi itakayonyauka.

Mshahara wa daktari wa serikali ni mfereji wa kwanza. Unatoka Hazina hadi kwenye akaunti yake ya benki, bila kupita kwenye dirisha la hospitali. Kinachomtambulisha ni cheki namba, yaani namba yake ya utumishi serikalini, na kiasi cha mshahara kinafuata ngazi za mishahara ya kada za afya: daktari anayeajiriwa kwa Daraja la II huanzia TGHS E, kisha hupanda kwa nyongeza na kupandishwa daraja. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, hana mamlaka ya kumwongezea daktari hodari hata shilingi moja ya mshahara. Ndiyo maana mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 uliielekezea serikali madai ya mishahara na posho. Wakuu wa hospitali za mikoani hawakuwa na ufunguo wa banio.

Maji ya mfereji huu nayo hupungua njiani. Tuchukue milioni moja kamili kama mfano wa kupigia hesabu, si kama kiwango cha mtu yeyote. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, sawa na 50,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15 upande wake. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, yaani 30,000, na mwajiri anaweka kiasi kama hicho. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 kwa aliyesoma kwa mkopo: 150,000. Akiwa mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, asilimia 2 nyingine: 20,000. Kodi ya mapato, ikipigwa kwenye 950,000 zinazobaki baada ya kutoa mchango wa pensheni, ni 115,500. Jumla ya makato ni 365,500, na kinachofika mkononi ni 634,500. Angalia ule mchango wa NHIF. Daktari anakatwa kila mwezi kuchangia mfuko ambao baadaye utailipa hospitali yake kwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, lakini malipo hayo hayarudi kwenye mshahara wake. Ni mzunguko wa ajabu, na ukishauona unaelewa nusu ya fedha za hospitali.

Mfereji wa pili, yaani ada, dawa, vipimo, kitanda na malipo ya bima, huitwa mapato ya ndani. Huu ndio unaolipia vitendanishi vya maabara, oksijeni, LUKU, mafuta ya jenereta, kampuni za usafi na ulinzi, na mishahara ya watumishi wa mkataba ambao hospitali imewaajiri yenyewe kwa sababu ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, haijatimia. Sehemu kubwa huenda kwenye dawa. Hospitali inaagiza Bohari ya Dawa, na bohari ikikosa, inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeidhinishwa. Mshitiri anataka pesa. Kijito kikikauka, rafu za dawa ndizo kona inayonyauka kwanza, huku daktari akiendelea kupokea mshahara wake kamili. Ndipo mgonjwa anapokuta daktari yupo, ameandika vizuri, na dirishani anaambiwa akanunue nje.

Je, daktari hagusi kabisa maji ya mfereji wa pili? Anayagusa, kupitia posho. Usiku wa manane daktari wa upasuaji anapoitwa kutoka nyumbani kuja Meta, hospitali ya wazazi jijini Mbeya, kwa mama aliyeshindwa kujifungua, anastahili posho ya kuitwa kazini, na posho hizo hutegemea sana mapato ya ndani pamoja na fedha za serikali za matumizi mengineyo. Viwango na taratibu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali. Lakini hapa pia halipwi kwa mgonjwa. Analipwa kwa zamu. Na hapa ndipo malimbikizo huzaliwa: mshahara umeingia, posho za miezi mitatu bado, kwa sababu mifereji ni miwili na mmoja tu ndio wenye maji.

Kukauka kwa kijito kuna sababu zinazojulikana. Moja ni msamaha. Sera inataka wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu watibiwe bila malipo, na maskini wengine hupita ofisi ya ustawi wa jamii wakasamehewa. Huo ni uamuzi mwema na hakuna sababu ya kuuonea haya, ila glavu, uzi wa kushonea na damu iliyopimwa vina gharama, na gharama hiyo lazima ibebwe na fungu jingine. Wodi ya wazazi hufanya kazi usiku na mchana na hukusanya kidogo.

Sababu ya pili ni karatasi za bima, na hapa kalamu ya daktari ina thamani ambayo wagonjwa wengi hawaijui. Kwa mwanachama wa NHIF hospitali haipokei pesa siku ile. Inatoa huduma kwa mkopo, kisha inakusanya madai ya mwezi na kuyatuma, na mfuko unatakiwa kulipa ndani ya siku 60 baada ya kuyapokea. Kabla ya kulipa, wahakiki wa mfuko wanapitia kila dai. Msimbo wa ugonjwa haupo? Linakatwa. Dawa ya malaria imeandikwa na hakuna kipimo kilichosoma malaria? Linakatwa. Sahihi ya mgonjwa imekosekana, dawa ni ya ngazi ya juu kuliko hospitali iliyoitoa, kipimo kimeombwa mara mbili kwa siku moja bila maelezo: yote hukatwa. Dawa imeshamezwa, kitendanishi kimeshatumika, na pesa haiji. Kwa hiyo daktari asiyelipwa kwa mgonjwa ndiye anayeamua, kwa dakika mbili za kujaza vizuri, kama hospitali italipwa kwa mgonjwa huyo. Katibu wa afya anapozunguka vyumbani kuwasihi madaktari wamalizie mafaili, anapigania dawa za mwezi ujao.

Maelezo yote hayo ni ya hospitali za serikali. Nyanda za Juu Kusini zina hospitali nyingi za makanisa, na huko picha inageuka. Ikonda iliyoko Makete, Chimala kule Mbarali, Igogwe ya Rungwe: katika hospitali za namna hii mfereji wa pili ndio unaobeba mzigo mkubwa, ukisaidiwa na wafadhili na ruzuku. Daktari aliyeajiriwa na kanisa hulipwa kutokana na kapu ambalo ada yako imeingia. Bado halipwi kwa kichwa, ana mkataba wa mwezi, lakini mapato yakiyumba, mshahara wake unayumba nayo.

Kisha kuna hospitali teule, na hizi ndizo zinazovutia kuliko zote. Tosamaganga ya Iringa, Ilembula ya Wanging'ombe, Ifisi ya Mbeya Vijijini ni mali ya makanisa, lakini kwa makubaliano na serikali zinatoa huduma za hospitali ya wilaya. Serikali huzipa ruzuku na huwashikiza watumishi wake huko. Matokeo yake, wodi moja inaweza kuwa na madaktari wawili, koti moja, zamu moja, mmoja ana cheki namba na analipwa na Hazina, mwenzake analipwa na dayosisi. Mgonjwa hawezi kuwatofautisha. Tarehe ya mshahara huwatofautisha. Ongeza daktari tarajali, aliye kwenye mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo na anayepokea posho kupitia wizara, na katika hospitali inayopokea tarajali utakuta mifuko mitatu kuzunguka kitanda kimoja.

Tofauti hii ilionekana wazi Machi 2024, bei mpya za kitita cha NHIF, yaani orodha ya huduma inazolipia, zilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake. Kwao bei ya bima ikishuka, inashuka pamoja na fungu la mishahara. Hospitali za serikali ziliendelea kupokea wagonjwa. Bei ile ile ilizigusa kwenye dawa, haikugusa mshahara wa anayekuandikia.

Kwa anayesimama dirishani, mambo machache yanafaa kujulikana. Malipo halali ya hospitali ya serikali hupitia kontroli namba yenye tarakimu 12, inayotolewa na mfumo na kulipiwa benki, kwa wakala au kwa simu. Jina la mpokeaji linalojitokeza kwenye simu liwe la taasisi, kamwe lisiwe la mtu. Ada ya kumwona daktari haina dawa wala vipimo ndani yake, hivyo kila hatua itakuja na bili yake. Na kwa kuwa daktari hana fungu lake kwenye ada hiyo, yeyote anayekuomba "ya daktari" mkononi, hata akiwa amevaa koti jeupe, anaomba kitu kisichokuwemo kwenye mpangilio wowote kati ya hii tuliyoieleza. Mpelekee taarifa mganga mfawidhi. Namba za malalamiko huwa zimebandikwa ukutani.

Hesabu ya kwenye benchi, ile ya 40 mara 5,000, inakaribia ukweli mahali pamoja tu: kliniki binafsi ya mjini, jioni, ambako daktari bingwa aliyetoka kazini serikalini anaona wagonjwa kwa makubaliano ya asilimia fulani ya ada na mwenye kliniki. Huko kweli anahesabu vichwa. Na kwa kawaida, jioni hiyo hafikishi 40.