Gemu za mazombi: watu wanavyozichukulia na zilivyo kweli

Ukitaja gemu za mazombi wengi wanaona kitu kimoja tu, bunduki, damu ukutani, vichwa vinapasuka basi, na mzazi kasimama mlangoni anauliza hiki nacho kinakufundisha nini. Hiyo damu ipo, sibishi. Ila siyo inayomkalisha mtu mpaka saa nane usiku.

Tuanze na dhana ya kwanza, kwamba ni KUFYATUA TU. Chukua Resident Evil ya mwaka 1996, ile Capcom waliitoa kwenye PlayStation, Japani wanaiita Biohazard. Mle risasi ni za kuhesabu. Unachagua mhusika mmoja kati ya wawili, ukimchagua Chris una nafasi sita tu za kubebea vitu, Jill anazo nane, na humo humo uweke bastola, risasi, majani ya dawa, funguo, na utepe wa wino, maana hata kuseivu ni mpaka ufike kwenye mashine ya taipu ukiwa na utepe na hizo tepe zinaisha. Sasa unaingia koridoni unakuta zombi mmoja, mmoja tu jamani, anatembea polepole kuliko bibi yangu, na umesimama pale unapiga hesabu, nimmalize niishiwe risasi, au nimpite pembeni huku najua nitarudi hapa hapa na nitamkuta? Hofu inatoka kwenye hiyo hesabu. Waliporudia kutengeneza Resident Evil 2 mwaka 2019 wakaongeza ukatili, unampiga kichwani mara tatu, nne, anaanguka, unashusha pumzi, ukirudi na funguo uliyoifuata unakuta kashainuka. Watu wakajifunza kupiga miguu ili atambae tu, wabanie risasi. Mchezaji anayefyatua hovyo humu hafiki mbali.

Afu kuna hii ya huku kwetu, kwamba hizi ni GEMU ZA MISUKULE, mambo ya uchawi, usilete nyumbani. Hapana. Mazombi wengi wa kwenye gemu ni wagonjwa. Resident Evil ni virusi vilivyotengenezwa maabara na kampuni ya kubuni inaitwa Umbrella, ya nne ni vimelea wanaoingia mwilini, na The Last of Us ya 2013 ni fangasi. Huyo fangasi yupo kweli duniani, anaitwa Cordyceps, anamwingia sisimizi anamwendesha atakavyo mpaka anachipua kichwani mwake, na Naughty Dog, studio iliyoitengeneza gemu hiyo, walipata wazo baada ya kuona filamu ya wanyama ya BBC. Hapo ndo mchoro unapokuja kuwa mtamu, kwa sababu ugonjwa una hatua. Aliyeambukizwa juzi bado ana sura ya mtu, anakimbia kama analia. Aliyekaa nao muda mrefu fangasi wamempasua uso wote, macho hayapo, anatafuta njia kwa kupiga sauti ya kugonga gonga kooni kama popo. Na hiyo sauti imetolewa na makoo ya waigizaji, watu kabisa. Ukiisikia unaacha kutembea wima, unachuchumaa bila mtu kukwambia.

Nyingine: LAZIMA GIZA. Eti bila usiku na ukungu haitishi. Hiyo hiyo The Last of Us sehemu kubwa ni mchana na ni kijani, miti imeota ndani ya hoteli, maji yamejaa barabarani, mimea inatambaa kwenye maghorofa, na kuna mahali Salt Lake City unakuta twiga wanakula majani katikati ya mji uliokufa, unasimama tu unaangalia, hakuna adui, hakuna kazi ya kufanya. Ni pazuri mno na ndo maana panauma, unaona dunia inaendelea vizuri tu bila sisi. Dead Rising (2006) karibu yote imewekwa ndani ya duka kubwa la Kimarekani, taa zinawaka, muziki wa dukani unapiga. Na Plants vs. Zombies ya 2009 ni bustani ya maua, alizeti zinacheza cheza, zombi kavaa ndoo kichwani.

Resident Evil 5 (2009) nayo ni jua kali, ukitoka chumba cha giza mwanga unakupofusha kidogo kabla hujaona vizuri. Hii nina maneno nayo. Stori inatokea Kijuju, sehemu ya kubuni Afrika Magharibi, na maadui wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa KISWAHILI. Afrika Magharibi, Kiswahili, sijui nani aliwachorea ramani. Gemu ya nne wanakijiji walikuwa wanaongea Kihispania, naona hesabu ilikuwa ni ile ile, mchezaji asielewe anachoambiwa azidi kuogopa, sasa mbinu hiyo kwetu inakufa hapo hapo, mtu anakuja na panga afu unamwelewa. Trela iliyotoka 2007 ilikosolewa vikali, Mzungu na bunduki anaua wanakijiji weusi, na ukosoaji ule ulikuwa na haki yake.

Tuje kwenye kubwa kuliko zote: HAKUNA HISIA, ni vitisho tu. (Hapa natoboa stori, kama hujacheza ruka.) The Last of Us inakuanzisha na Sarah, mtoto wa Joel mhusika mkuu, unamwendesha wewe ndani ya nyumba usiku unamtafuta baba yake. Dakika chache mbele anakufa mikononi mwa Joel. Na hajaumwa na zombi, kapigwa risasi na mwanajeshi aliyepewa amri. Baadaye kwenye mitaro ya maji machafu unakuta makazi ya watu waliokuwa wanajificha na watoto, michoro ya watoto ukutani, barua za huyu na yule, mwisho unafungua chumba, miili midogo imefunikwa shuka na pembeni sakafuni pameandikwa "hawakuteseka". Hakuna anayekusimulia. Unaunganisha mwenyewe ukiwa umeshika padi.

The Walking Dead ya studio ya Telltale (2012) mazombi ndo kabisa wako pembeni. Wewe ni Lee, unamkuta mtoto anaitwa Clementine yuko peke yake, kuanzia hapo kila unachosema unajua anakisikia. Kuna siku unapewa vipande vinne vya chakula ugawie kambi nzima yenye njaa. Vinne! Unampa mtoto, unampa anayekuchukia ili anyamaze, mwenyewe unakula au huli, na ambaye hakupata atakununia. Unamfundisha kushika bastola, unamkata nywele zisishikwe, na mwisho Lee akiwa ameshaumwa unakuja kuelewa ulikuwa unamfundisha kwa ajili ya nani. Nimeona watu wazima wamekaa kimya baada ya hapo hawataki hata kujibu simu.

Ya mwisho ni kwamba LAZIMA GRAFIKSI KALI NA MASHINE YA MAMILIONI. Hiyo ya Telltale imechorwa kama katuni ya kitabuni, mistari mizito ya wino, nyuso haziko halisi hata kidogo. Resident Evil ya 96 mandhari yake ni picha zilizoandaliwa kabla na kamera imefungwa pembe moja, unasikia nyayo ila kona imeziba, na ule mlango unaofunguka taratibu kwenye skrini nyeusi ulikuwa ni wa kuficha muda wa kulodi chumba kinachofuata, udhaifu wa mashine wakaugeuza presha. Left 4 Dead (2008) kuna programu inaangalia wachezaji wamechoka kiasi gani, inaamua saa ya kumwaga kundi na saa ya kuwaacha wapumue, ndo maana ramani ile ile huizoei. Project Zomboid inaonekana kutoka juu, vijitu vidogo, na inaanza kwa kukwambia hivi ndivyo ulivyokufa.

Kwa hiyo kama una simu ya kawaida anza na Plants vs. Zombies uzoee, ukiwa na kompyuta ya wastani nenda kwa Lee na Clementine, ila vaa hedfoni na usicheze ukiwa umekaa na watu kama hupendi waone unalia.