Lipu ileile, bei nyingine: ukarabati na mahali nyumba ilipo

Ukichukua bei ya lipu ya Dar es Salaam ukaifanyia bajeti ya nyumba ya Kigoma au Unguja, fedha itakatika ukuta ukiwa nusu. Vipimo vinahamishika. Bei iulizwe palepale nyumba ilipo.

Tuseme una ukuta wa mita za mraba 100, lipu ya unene wa milimita 15, saruji moja kwa mchanga nne. Ukiongeza asilimia 20 kwa ajili ya mabonde ya ukuta na inayodondoka, utahitaji mifuko 14 hivi ya saruji ya kilo 50 na mita za ujazo 2 za mchanga. Watu wengi huulizia saruji kwanza. Mimi huanza na mchanga. Ile mifuko 14 ni kilo 700 tu, lakini mchanga huo ni karibu tani 3. Shimoni mchanga ni rahisi, kinachokula hela ni lori. Kwa hiyo uliza shimo liko umbali gani, na kama lori linafika hadi mlangoni wakati wa masika. Likiishia barabara kuu, kuna malipo mengine ya kubeba. Na usishawishike na mchanga wa ufukweni: chumvi yake huvuta unyevu, na rangi hubabuka.

Saruji nayo ina makwao, yaani viwandani: Wazo Hill ya Dar, Tanga, Mtwara, Songwe. Kutoka Dar hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mfuko unalipia safari hiyo. Mbao ni kinyume chake. Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, kenchi za paina zinagharimu kidogo kuliko Dar, kwa hiyo si kweli kwamba kila kitu ni ghali mikoani.

Halafu kinachoharibika si kimoja. Pwani, chumvi ikifikia nondo, kutu huivimbisha na zege hupasuka kwa urefu wa nondo. Kuziba ufa na kupaka rangi ni kutupa hela: chimba zege hadi nyuma ya nondo, sugua ibaki chuma safi, iliyokonda iongezee nyingine, ndipo uzibe. Kwenye udongo mweusi unaovimba, ondoa kwanza maji yanayotuama kando ya msingi. Bila hivyo ufa utarudi mvua zijazo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unahitaji hesabu yake peke yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, lipu hujitenga na ukuta, na ukiigonga inalia kama debe tupu. Inatakiwa lipu ya chokaa, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likisubiriwa likauke taratibu huku likinyunyiziwa maji. Siku za fundi zinaongezeka, na kibali cha mamlaka ya uhifadhi kinahitajika kabla ya kugusa chochote. Vichochoro havipitishi lori, hivyo kifusi kinatoka kwa magunia na mkokoteni, na mchanga unaingia vivyo hivyo. Mwambie fundi akuandikie kifusi mstari wake kwenye makadirio, kwa idadi ya tripu, kabla nyundo ya kwanza haijagonga.