Je, wajua mwenye mashua anaweza kula zaka?

Ramadhani ikikaribia, swali hili huzuka barazani, na mara nyingi huulizwa kwa kunong'ona: "Fulani naye anapokea zaka? Si ana mashua yule?" Muulizaji huona jawabu liko wazi, kwamba mwenye chombo baharini hawezi kuitwa masikini. Kumbe Qurani yenyewe imewataja watu wenye chombo, na ikawaita masikini.

Ni katika Suratul Kahf, kisa cha Nabii Musa na Khidhri. Khidhri alitoboa chombo walichopanda, Musa akashtuka. Baadaye akaelezwa (aya ya 79) kwamba chombo kile kilikuwa cha masikini wafanyao kazi baharini, na huko mbele palikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, waliishika aya hiyo kuwa hoja: mtu huweza kumiliki kitu, tena kitu cha thamani, na bado akawa masikini.

Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na mawili ya mwanzo ni mafakiri na masikini. Sisi katika mazungumzo ya kawaida tumeyafanya maneno haya kuwa kitu kimoja. Katika fiqhi, yaani sheria ya dini, ya Shafi, fakiri ndiye mwenye hali mbaya zaidi: hana kitu, au alichonacho hakifiki nusu ya mahitaji yake. Masikini anacho, kinavuka nusu, ila hakimtoshi. Mwenye haja ya kumi akapata mbili au tatu ni fakiri. Akipata saba au nane ni masikini. Wanazuoni wa Hanafi, madhehebu mengine ya Kisunni, wameligeuza, kwao masikini ndiye aliye chini zaidi.

Basi mashua ikileta elfu saba na nyumba inakula elfu kumi, mwenye mashua ni masikini, hata kama injini yake inang'aa. Haambiwi auze chombo kwanza. Ni hivyo hivyo kwa fundi na cherehani yake, mwalimu na vitabu vyake, au mjane na nyumba anayolala. Tena mtu anaweza kumiliki kiwango cha kutolea zaka, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na bado kwa Shafi akapokea ikiwa hakimtoshelezi. Mkono mmoja unatoa, mwingine unapokea! Kwa Hanafi hilo haliwezekani, kwani kwao anayemiliki kiwango hicho zaidi ya mahitaji yake ya lazima huhesabiwa tajiri.

Na apewe kiasi gani? Hapa Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 1277, anashangaza. Kwake, mwenye ujuzi hununuliwa vyombo vya kazi na mfanyabiashara hupewa mtaji kulingana na biashara yake: muuza mboga dirhamu tano au kumi zinamtosha, lakini muuza vito huweza kupewa hata elfu kumi ikiwa chini ya hapo hawezi kuendesha shughuli. Lengo ni mtu atoke katika dhiki asirudi. Wapo wengine, kama Ghazali, waliosema apewe cha kumtosha mwaka mzima. Kwa vyovyote, nikiona misururu ya kina mama juani mbele ya nyumba ya tajiri, kila mmoja akisubiri noti moja ya kununulia mchele wa siku mbili, nahisi tumeichukua zaka na kuiacha hesabu yake.

Mwenye nguvu na kazi inayomtosha hana fungu katika umasikini. Watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) wakitaka zaka, akawatazama juu hadi chini, akawaona wana nguvu, akawaambia kwamba wakitaka atawapa, lakini haina fungu kwa tajiri wala kwa mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Nawawi anaongeza jambo zuri: anayeacha kazi ili asome elimu ya dini anapewa, anayeacha kazi ili asali sunna, yaani sala za hiari, hapewi.

Ndugu je? Mama na baba mafakiri huwapi kwa fungu la umasikini, maana kuwalisha ni wajibu wako, na ukiwapa zaka umeuokoa mfuko wako mwenyewe. Baba akielemewa na deni, hilo ni fungu jingine, na hapo Shafi wanaruhusu. Mke anaweza kumpa mumewe kwa kuwa hana wajibu wa kumlisha. Zaynab, mke wa swahaba Ibn Masud, alipouliza kuhusu kumpa sadaka mumewe, Mtume alisema ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, aliona hadithi hiyo inahusu sadaka ya hiari, si zaka.

Katika makundi yanayobaki, tuwapite haraka hawa: wakusanyaji wa zaka, hata wakiwa matajiri, maana ni ujira; msafiri aliyekwama, ingawa nyumbani kwake ana mali; na watumwa wa kukombolewa, fungu ambalo Zanzibar lilikosa wenyewe baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Kujenga msikiti, wanazuoni wengi wa zamani hawakukubali: zaka lazima imilikiwe na mtu.

Umiliki huo ndio unaofungua fumbo la masharifu wa Lamu na Unguja. Kizazi cha Mtume hakili zaka. Hasan akiwa mtoto alitia tende ya sadaka kinywani, babu yake akamwambia aiteme. Lakini Barira, mwanamke aliyekombolewa na Bibi Aisha, alipopewa nyama ya sadaka, Mtume alisema: kwake ni sadaka, kwetu ni zawadi. Kwa hiyo mvuvi wetu akinunua mchele kwa fedha ya zaka, akapika, akamwalika sharifu wa jirani, sharifu na aje anawe mikono.