Je, wajua kwa nini anayesomea akiolojia huchimba kidogo hivyo?

Ukishuka Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Babati, ukapanda mlima hadi kwenye mapango yenye michoro ya kale, kuna msimu utamkuta mwanafunzi wa uzamili amepiga magoti ndani ya shimo la mita moja kwa mita moja. Ana mwiko mdogo, brashi na daftari. Wiki imeisha na shimo halijafika hata magotini. Wenyeji huuliza, na wana haki ya kuuliza: kwa mwendo huu utamaliza lini?

Hana haraka kwa sababu kuchimba ni kuharibu. Mkemia akikosea jaribio, kesho analirudia. Udongo wa pango ukishatolewa, haurudi tena ulivyokuwa. Na kwa kawaida tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu, kwa hiyo kipande cha mkaa kina maana pale tu unapojua kimetoka kina gani na kilikuwa karibu na nini. Ndiyo maana hushuka sentimita 5 au 10 kwa hatua, udongo wote hupitishwa kwenye chekeche, na kila mfuko huandikwa mahali ulipotoka. Sehemu kubwa ya pango huachwa makusudi, isubiri watakaokuja na vifaa bora.

Kusubiri huko kumeshalipa hapahapa Kondoa. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba pango la Kisese II, na vilivyopatikana vikahifadhiwa makumbusho. Upimaji wa umri kwa kaboni, yaani kukisia umri wa kitu kilichotokana na kiumbe hai kwa kaboni iliyobaki ndani yake, ulikuwa bado mchanga wakati huo. Miongo sita baadaye watafiti wakayafungua tena makusanyo yale, wakapima maganda ya mayai ya mbuni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yakaonyesha kwamba watu walikuwa wakivaa shanga za maganda hayo pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Kama mifuko ya 1956 isingeandikwa vizuri, maganda yale yangebaki takataka tu.

Hebu itazame shanga moja. Ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Mtu alivunja ganda, akatoboa kipande kwa ncha ya jiwe, kisha akasaga kingo mpaka zikawa duara. Ukikuta pia vipande vilivyopasuka wakati wa kutobolewa, unajua kazi ilifanyika papo hapo, na pengine fundi alikunja uso kama fundi yeyote. Kuvitenga, kuvipima na kuvihesabu vipande hivyo ndiko kunakokula muda mwingi wa tasnifu.

Michoro yenyewe, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ni ngumu zaidi kuijua umri. Rangi nyekundu ni ya ngeu, udongo wenye madini ya chuma, na chuma hakina kaboni ya kupima. Basi jicho hurudi chini, sakafuni: bonge la ngeu lenye alama za kusagwa, likiwa kwenye tabaka lenye umri unaojulikana, ni dokezo kwamba watu wa wakati ule walishika rangi.

Sakafu hiyohiyo ndiyo inayofukuliwa na wanaotafuta mali wanayosema Wajerumani waliificha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, lakini sururu bado huingia usiku. Inaniuma sana. Asubuhi unakuta kifusi nje ya pango, mkaa wa juzi umechanganyika na wa maelfu ya miaka, na hakuna maabara inayoweza kuutenganisha kuurudisha kwenye matabaka yake. Mwanafunzi akikuta shimo la namna hiyo, hulipima na kulichora kwenye ramani yake kama sehemu iliyokwisha kupotea. Kisha husogea pembeni, akitafuta udongo ambao haujaguswa.