Nguvu ya kiini kimoja: kipimo cha kwanza unaponunua kompyuta ya gemu za uigaji

Ndani ya prosesa ya kompyuta mna sehemu kadhaa zinazopiga hesabu, kila moja ikiweza kushika kazi yake peke yake. Hizo ndizo viini. Prosesa ya bei nafuu ya siku hizi huwa na viini vinne au sita, na za seva hufika makumi, hata kupita mia. Nguvu ya kiini kimoja ni kiasi cha kazi ambacho kiini kimoja kinamaliza kwa sekunde bila kusaidiwa na wenzake. Kwa mtu anayetaka kurusha ndege, kuendesha lori, kujenga mji au kusimamia kiwanda kwenye skrini, na mfuko wake ni mdogo, hiki ndicho kipimo cha kutanguliza. Kwa bahati mbaya, hakiandikwi kwenye kibandiko cha mbele ya kompyuta.

Gemu za uigaji zina tabia yake. Gemu ya kupigana risasi hutumia sehemu kubwa ya nguvu kuchora picha, na kazi ya kuchora hugawika vizuri kwa maelfu ya vikokotoo vidogo ndani ya kadi ya picha. Gemu ya uigaji inapaswa kwanza ijue dunia yake imefikia wapi: gari hili limesogea, kwa hiyo taa ile ibadilike, kwa hiyo foleni ile ipungue. Jibu la hatua moja ndilo swali la hatua inayofuata. Hata uwe na mafundi wanane kwenye kiwanja, hakuna atakayepaua nyumba kabla ukuta haujasimama. Ndivyo viini vingi vinavyokaa vikisubiri kimoja kimalize.

Factorio, gemu ya kujenga viwanda iliyotengenezwa na Wube Software ya Prague, inaonyesha jambo hili wazi kuliko nyingine. Dunia yake husonga mbele mara 60 kwa sekunde, maana yake kila hatua imepewa milisekunde 16.7 tu. Kiwanda kikiwa kidogo, hesabu zinakwisha mapema. Kikikua hadi kila hatua ikahitaji milisekunde 25, hatua zinashuka hadi 40 kwa sekunde na gemu nzima inaanza kwenda polepole: mikanda, treni, hata mchezaji mwenyewe. Ukibadilisha kadi ya picha wakati huo hupati kitu, kwa sababu picha hazijawahi kuwa tatizo. Dwarf Fortress ina ugonjwa huohuo. Wakazi wakizidi na ngome ikizeeka, mwendo unafifia, ingawa picha zake ni sahili kabisa.

Msingi wa kihesabu wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza kwamba faida ya kugawanya kazi huwekewa mpaka na ile sehemu isiyogawanyika. Kama nusu ya kazi lazima ifanywe kwa mfuatano, basi hata ukiongeza viini bila kikomo, kazi nzima haitakwenda zaidi ya mara mbili ya mwendo wa kwanza.

Hapo ndipo vijana wengi wanapopoteza fedha, na inaniuma kwa sababu mara nyingi ni fedha za akiba ya muda mrefu. Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, mteja husikia "hii ni i7", moja ya madaraja ya prosesa za Intel (i3, i5, i7), na mjadala unaishia hapo. Lakini i7 ni daraja ndani ya kizazi chake tu, na vizazi havilingani. Chukua i7-2600 ya mwaka 2011 na i3-12100 ya mwaka 2022. Zote zina viini vinne, na kasi zao za msingi zimekaribiana, gigahezi 3.4 na 3.3, yaani mabilioni ya mapigo ya saa ya ndani ya prosesa kwa sekunde. Hata hivyo kiini kimoja cha ile i3 kinafanya karibu mara mbili ya kazi ya kiini cha i7, kwa sababu kinamaliza amri nyingi zaidi katika kila pigo la saa na kinapanda hadi gigahezi 4.3. Kizazi husomwa kwenye tarakimu za mwanzo za namba: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i3-12100 ni cha 12. Ukijua kusoma hizo tarakimu, tayari umejiepusha na nusu ya hasara.

Mtego wa pili ni prosesa za seva za zamani. Xeon E5-2670 ya mwaka 2012 ina viini vinane na huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.6. Kwa kuhariri video bado ina manufaa. Kwa kurusha ndege itakukatisha tamaa.

Kuna kitu kingine kinachobeba uzito kuliko wengi wanavyodhani, nacho ni kumbukumbu ndogo ya haraka (cache) iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Dunia ya gemu ikienea ndani yake, kiini hakilazimiki kuisubiri RAM, kumbukumbu kuu iliyo nje ya prosesa. Ndiyo maana prosesa ya AMD, Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, yenye megabaiti 96 za kumbukumbu hiyo, inaipita kwa mbali ndugu yake 5800X yenye 32 kwenye Factorio, ingawa ndugu huyo ana kasi kubwa zaidi ya saa. Si ya kila mfuko, lakini inaonyesha kwamba gigahezi peke yake haisemi yote.

Utajuaje kwamba kompyuta uliyo nayo inakwama kwenye prosesa? Punguza ukubwa wa picha ndani ya gemu. Fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, zikiongezeka, mzigo ulikuwa kwenye kadi ya picha. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo imechoka. Usidanganywe na asilimia unayoiona kwenye Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyotumika. Prosesa ya viini vinne ikionyesha 25 kwa mia, huenda kiini kimoja kimejaa kabisa na vitatu vinatazama. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 hata hukuambia yenyewe: ukiwasha sehemu yake ya watengenezaji, itaandika kama inazuiwa na mkondo mkuu wa hesabu kwenye prosesa au na kadi ya picha.

Kanuni hii haishiki kila mahali kwa uzito uleule. Cities: Skylines II, iliyotoka Oktoba 2023, iliandikwa ili itumie viini vingi, na pia huitesa kadi ya picha. Flight Simulator ya 2024 huvuta ardhi na majengo kupitia intaneti wakati unaruka, na kiwango cha chini kilichotajwa ni RAM ya gigabaiti 16 na intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, kwa hiyo anayeishi kwa bando aihesabu gharama hiyo mapema. Upande wa pili ipo Euro Truck Simulator 2 ya mwaka 2012, ambayo bado inakimbia vizuri kwenye mashine za kawaida.

Kwa mfuko mdogo, ningeelekea kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, za kuanzia kizazi cha 8. Chini ya hapo Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida Oktoba 2025. Ukipata i5-10500, usiondoke bila kujadili bei. Angalia umbo la kasha: yale membamba huwa na pawa saplai ya wati 200 hivi na hayana waya wa kulisha kadi kubwa, kwa hiyo tafuta kadi fupi inayojitosheleza kwa wati 75 za kwenye ubao mkuu wa kompyuta, mfano GTX 1650 ya umbo dogo. RX 6400 nayo inaingia, ila inatumia njia nne tu za mawasiliano na ubao huo na hupungua nguvu kwenye mashine hizi za zamani. Weka RAM vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, na gemu ikae kwenye SSD, hifadhi ya haraka, si kwenye diski ya kuzunguka.

Laptopu zinahitaji tahadhari zaidi. Herufi U mwishoni mwa namba za miaka hiyo humaanisha prosesa iliyoundwa kwa wati 15, na i7-7500U ina viini viwili tu licha ya jina lake. Joto likipanda, kasi inashushwa. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiache ifanye kazi nzito kwa dakika kumi huku umefungua Task Manager, utazame gigahezi zinakaa wapi baada ya feni kuanza kuunguruma.