Nyumba za Kale za Katikati ya Moshi na Mpaka wa Sheria

Mji wa Moshi tunaoujua leo umezaliwa na reli. Wajerumani walianza utawala wao juu mlimani, mahali panapoitwa Old Moshi hadi sasa, lakini reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipofika tambarare mwaka 1911, ofisi na biashara ziliifuata huko. Arusha haikufikiwa na reli hadi mwaka 1929.

Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, walijenga kulingana na hali hiyo. Katika mitaa ya kati, kama ile ya Mawenzi na Bondeni, bado zipo nyumba ambazo mbele ni fremu za maduka zinazofunguka barabarani, na familia huishi nyuma au ghorofani. Paa la mabati la nyumba ya namna hii mara nyingi hulioni ukiwa barabarani, kwa sababu ukuta wa mbele umepandishwa ukalificha, na hapo juu ndipo fundi alipoonyesha ufundi wake: mistari, ngazi ngazi, pengine na mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa lipu. Baraza lenye paa humkinga mnunuzi na mvua za masika, matundu ya juu ya milango hutoa joto, na ua wa nyuma hupeleka mwanga jikoni. Kila kitu kina kazi yake, isipokuwa labda ule ukuta wa mbele, ambao nadhani ulikuwa wa kuwaringia majirani.

Madhara makubwa huletwa na ukarabati wa nia njema. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na baada ya muda lipu huvimba na kubanduka pamoja na sehemu ya ukuta.

Wengi hudhani nyumba kongwe hulindwa kwa ukongwe wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, wakati Moshi hii haikuwapo. Sheria hiyohiyo, ilivyorekebishwa mwaka 1979, hulinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, hivyo mlango unaweza kulindwa na nyumba yake isilindwe. Jengo la baada ya mwaka 1863 huhitaji tamko la Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale ili lilindwe. Pasipo tamko hilo, uamuzi hubaki kwa mwenye nyumba na kwa Manispaa inayotoa kibali cha ujenzi.